Tepu ya Mkwe Wangu

Kuna vitu vinanitia kinyaa mpaka leo, na cha kwanza si mavi. Mavi nimeyapangusa maisha yangu yote: ya watoto wangu, ya ndama, ya mama mkwe wangu alipolala kitandani akawa hawezi kuinuka. Mavi ukiyaona unayajua. Unayaondoa, unanawa, unaendelea na kazi. Kinachonigeuza tumbo ni tepu. Ile pana ya rangi ya kahawia ya kufungia makatoni, na ile nyembamba nyeusi ya mafundi wa stima, ikiwa imezungushwa juu ya kitu kinachovuja, halafu mwanamume anasimama kando, mikono kiunoni, anasema hiyo imekwisha.

Imekwisha nini, na nzi wanaijua njia?

Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, shamba likaniita, kisha mume akaniita. Lakini pua sikupewa na mwalimu. Na kule kwetu Pap Onditi, mtungi wa maji ukitoboka tunaziba kwa kipande cha sabuni. Hiyo tunajua ni ya leo tu. Siku ya soko mtungi unapelekwa kwa mtu wa kuchoma plastiki, unatengenezwa kama inavyotakiwa. Sijawahi kuona mtu akizunguka kijijini akiisifu sabuni.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Binti yangu wa pili alikuwa ameolewa, anakaa Kisumu, huko Migosi, kwenye nyumba ya kupanga. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja: wao chini, mpangaji mwingine juu. Mume wake alikuwa karani wa ghala. Kijana wa shati jeupe, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukata mkate kwa ule mstari wake. Kwa macho, msafi. Nilimpenda kwa sababu alimnyamazia binti yangu, ambaye ana mdomo kama wangu.

Binti akajifungua msichana, mtoto wake wa kwanza. Nikabeba unga wa mtama wa uji, samaki wakavu na kuku mmoja aliyenitapikia njia nzima, nikaenda kumwona mjukuu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana wageni wakituona hufikiri tumegombana. Sisi watu wa ziwa, mama wa mke na mume wa binti yake wanaheshimiana sana. Mimi kwake ni maro, mama mkwe. Maro halali chini ya paa la mkwe wake. Haoni kitanda chake. Haogi bafuni mwake, na habari ya choo chake usiulize kabisa. Hatuli pamoja. Hata tukiwa sebule moja, mimi nikitaka kumwambia kitu, namwambia binti yangu, yeye anasikia, anamjibu binti yangu, na mimi nasikia. Maneno ya bafu na choo hayo ndiyo hayapitii kabisa kinywani. Ukiyatamka mbele ya mkwe ni kama umevua nguo.

Kwa hiyo nilikuwa nashinda kwa binti yangu mchana, nikimbeba mtoto, na jioni mkwe akirudi kazini, nasalimia nikiangalia ukuta, kisha napanda ngazi kwenda kulala kwa mpangaji wa juu. Huyu alikuwa mama wa kutoka upande wa kati ya nchi, muuza mitumba pale sokoni, mjane, watoto wake wadogo wako shule za bweni. Mimi nilimwita Mama wa Juu, yeye akaniita Nyanya, ingawa nadhani tulikuwa na umri mmoja na alitaka tu kunizeesha. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, changu cha kwetu, tukakutana katikati ya ngazi. Heshima yetu ya ukwe ilimchekesha.

"Hata mimi nikienda kwa mkwe wangu nafunga mdomo," aliniambia. "Lakini kulala nalala. Na choo naenda, Nyanya. Mkwe gani huyo wa kukunyima choo?"

Nikamwambia hanyimi mtu. Mimi ndiye siendi. Akatikisa kichwa, akanionyesha choo chake.

Na choo cha Migosi enzi zile kilikuwa kazi. Ziwa hilo hapo, ukitoka nje kidogo unaliona linang'aa, lakini mfereji ndani ya nyumba unakohoa kama mzee, unatoa upepo. Maji tulinunua kwa watu wa mikokoteni. Hakuna aliyemwaga maji hovyo. Ukifua, yale maji ya mwisho unayaweka kwenye ndoo kando ya choo, ndiyo ya kusukumia uchafu. Nilijifunza haraka. Kila asubuhi kabla sijashuka kwa mjukuu, namwaga ndoo yangu, nasikia inaenda ikiguguma ndani ya ukuta, na mimi naona nimekuwa mtu wa mjini.

Harufu niliipata siku ile ile ya kwanza. Nimeketi kwenye kochi, vitambaa vyeupe vimetandazwa kila mahali, redio imefunikwa kitambaa, hata kitambaa kimefunikwa kitambaa. Nimepewa mtoto. Nikamnusa kichwani kama tunavyofanya, maana utosi wa mtoto mchanga unanukia kitu ambacho hakina jina. Huyu alinukia shimo.

Nikamfungua nepi. Safi. Nikanusa mikono yangu, nikanusa kochi. Upepo ukaingia dirishani, ukasukuma pazia la mlango wa chumba chao cha kulala, na pazia liliporudi likaniletea harufu yenyewe usoni kama kitambaa kilicholoweshwa. Binti yangu alikuwa anakoroga uji, anaimba.

Nikamuuliza ni nini kinachooza kule ndani.

"Hakuna kitu, Mama. Ni mtaro wa nje. Migosi yote inanuka hivyo."

Nilikuwa nimetoka nje asubuhi hiyo. Nje kulinuka vumbi na mandazi ya jirani. Lakini kile chumba kilikuwa chumba cha mkwe wangu, na kitanda cha mkwe wangu kiko humo. Nikamshika mtoto, nikaangalia pazia.

Jioni mkwe akarudi. Tukasalimiana, mimi na ukuta, yeye na zulia. Akaingia chumbani. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuijua: kraaa. Kimya. Kraaa tena. Kama mtu anararua shuka kidogo kidogo kwa hasira. Nikamuuliza binti yangu, huyo mwenzio anararua nini. Akasema anafunga katoni za nguo. Kesho yake jioni, kraaa. Kesho kutwa, kraaa. Nikajiuliza hawa wana nguo ngapi.

Mtoto akaanza kutoka vipele kichwani, upande mmoja tu, ule wa kulalia ukutani. Vikawa vya maji, kisha vya usaha. Jicho la upande huo likashikana. Tukampeleka kliniki, wakampaka ile dawa ya zambarau, akarudi amefanana na biringani. Mchana akiwa nami sebuleni anakauka. Asubuhi nikishuka nakuta vimelowa upya. Tumbo nalo likaanza kuharisha. Alikuwa mtoto mnono. Mashavu yakaanza kushuka kama nguo isiyo na mwenyewe. Nilizika watoto wawili wachanga mimi, kule nyumbani, na najua jinsi wanavyoanza kuondoka. Huanza kwa kunyamaza. Huyu mjukuu wangu alikuwa anaanza kunyamaza.

Nilikuwa nimepanga kukaa kidogo tu. Mtama wangu ulikuwa shambani umekomaa, ndege wanakula, na mke mwenzangu si mtu wa kufukuza ndege wa mwenziwe. Lakini nilimwambia binti yangu waziwazi: siondoki hapa mpaka kichwa cha huyu mtoto kikauke. Nilimwambia mkwe akiwa amekaa pale, ili asikie. Aliinamisha kichwa, akamwambia binti yangu kwamba Mama akae tu, hapa ni kwake. Halafu akaingia ndani. Kraaa, kraaa. Siku hiyo alirarua zaidi ya siku zote.

Mama wa Juu ndiye aliyenifungua macho nusu. Yeye hakuwa mkwe wa mtu pale, aliingia chumba chochote. Siku moja binti yangu alimwita amsaidie kugeuza godoro. Aliporudi juu, akaketi kitandani, akaniangalia.

"Nyanya, kumbe hujui? Kuna paipu inavuja kwa kona ya chumba chao. Huyu kijana ameifunga tepu mpaka imevimba kama goti la mgonjwa. Nilimwambia alete fundi. Akasema ni maji tu, ameshaziba."

Nikamwambia ile harufu si ya maji.

"Hata mimi nilimwambia. Akasema ni maji yaliyokaa."

Nikamtuma. Hiyo ndiyo njia, unatuma mtu wa nje. Nikamwambia amwambie kijana, kwa heshima, kwamba maro anasema fundi aje. Akaenda, akarudi na jibu: asijali, ameongeza tepu ile nzuri, nyeusi, isiyoingiza maji hata tone. Akanieleza alivyoonyeshwa. Anasema kijana aliipapasa ile paipu kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari.

Nilichukia, nisikudanganye. Nikamdharau moyoni. Nikasema shati jeupe lote lile, na kazi ya ofisi, na mtoto anaoza ukutani. Nikasema binti yangu ameolewa na katoni. Nikishuka asubuhi nikiona viatu vyake vimepangwa mlangoni vinang'aa, nilitamani kuvitemea mate. Uji wa nyumba ile ulinishinda. Ukifika kooni unakutana na ile harufu. Nikawa nakula juu, na Mama wa Juu ananicheka, anasema Nyanya leo umekula cha watu wawili, kesho ndoo moja haitatosha.

Sasa sikiliza.

Nilikuwa na kitambaa cha kichwa cha kanisani, cheupe. Ijumaa nikakifua huko juu, nikakisuuza kwa bluu, ile bluu ya unga inayong'arisha nguo nyeupe. Niliipenda sana, nikaitia kwa mkono mzito. Maji yakawa kama wino. Sikuyamwaga, ningeyamwagaje? Nikayaweka kwenye ndoo kando ya choo. Asubuhi ya Jumamosi nikaenda haja yangu, nikamwaga ndoo yote, ikaguguma ndani ya ukuta, nikanawa, nikashuka.

Binti yangu akanipa mtoto. Alikuwa amemfunika shali nyeupe, ile ya kutokea kanisani, na usingizi bado umemjaa machoni, hakuwa ameangalia vizuri. Nikampokea. Kwenye shali, upande wa kichwa, kulikuwa na doa la bluu. Kubwa kama sahani. Lingine dogo liko kwenye sikio la mtoto. Lilikuwa bado bichi.

Nikamnusa.

Nilisimama pale nikiwa na mtoto mikononi. Maji ya bluu yalikuwa yangu. Na kama maji ya bluu yalikuwa yangu, basi na yale mengine yote yaliyotangulia, ya siku zote nilizokaa juu, nikila vizuri, nikimwaga ndoo, nikijiona mtu wa mjini, yalikuwa yangu pia. Ile harufu niliyoilaani ilikuwa ya kwangu na ya Mama wa Juu. Nilikataa kukanyaga kizingiti cha mkwe wangu kwa heshima, nikawa naingia chumbani mwake kila asubuhi kupitia ukutani, nikaanguka juu ya kitanda chake na juu ya kichwa cha mjukuu wangu. Hakuna maro katika nchi yote ya ziwa aliyewahi kumfanyia mkwe wake hivyo. Nikageuza uso, nikatapika ndani ya beseni la vyombo.

Nikampa binti yangu mtoto. Nikaenda jikoni, nikachukua kisu cha samaki.

"Mama, unaenda wapi?"

Nilikuwa nimeshashika pazia.

"Mama, huko ni kwa mkweo. Mama, usiingie."

Nikaingia.

Nilikiona kitanda. Nasema hivyo ili isiwe siri. Nilikiona, na shuka yake, na godoro lililosogezwa mbali na ukuta kidogo, na kijitanda cha mtoto kimebanwa pale katikati ya godoro na kona, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na hakuna mahali pengine. Na kwenye kona, bomba. Lilishuka kutoka darini mpaka sakafuni, nene kama paja. Na katikati yake, juu tu ya kichwa cha mtoto anapolala, lilikuwa na jipu.

Siwezi kuliita jina lingine. Tepu ya kahawia juu ya tepu nyeusi juu ya tepu ya kahawia, na juu kabisa vipande vya ile tepu ya kung'aa ya kufungia zawadi. Alikuwa anaifunga ikiwa imelowa, na tepu haishiki kitu kilicholowa, mtoto mdogo anajua. Kwa hiyo haikuzuia chochote. Iligeuka mfuko. Uchafu uliingia katikati ya matabaka, ukakaa humo, ukaiva. Ukilibonyeza kwa kidole linacheza. Pembeni tepu ilikuwa imekunjamana, na kwenye kila kunjo kuna utelezi wa rangi ya chai, na wadudu wadogo weupe wanapanda na kushuka wakiwa na haraka zao. Chini aliweka kopo la mafuta ya kupikia la kukingia. Lilikuwa na bluu, na juu ya bluu vitu vinaelea. Matone mengine hayakulenga kopo.

Nilivuta kile kijitanda cha mtoto mpaka katikati ya chumba. Kisha nikatia kisu.

Nilijua litamwagika. Nilitaka limwagike. Nilitaka jioni akifika asibaki na kitu cha kuzungushia tepu. Lakini sikujua lina presha namna ile. Lilipasuka kama tumbo la samaki aliyekaa juani, likanipata kifuani, shingoni, na niseme kweli, mdomoni, maana nilikuwa nimeachama. Nikaendelea kukata. Tepu haikatiki vizuri, inafuata kisu, inanata vidoleni, unaivuta hapa inakushika pale. Nikaivua yote kama ngozi ya mbuzi. Ndani nikaona ufa wenyewe, mrefu kuliko mkono wangu. Kidonda hicho hakikuwa cha tepu hata siku ya kwanza.

Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia analia kwa kwikwi. Halafu nikasikia ameacha.

Nilikuwa nimesahau kwamba ni Jumamosi na Jumamosi kazi yao ni nusu siku. Tena siku hiyo aliwahi kutoka. Pazia likafunguka, na mkwe wangu akasimama mlangoni mwa chumba chake, shati jeupe, na chini ya kwapa ana tepu mbili mpya, bado ziko kwenye karatasi.

Mimi niko kando ya kitanda chake, kisu mkononi, nimelowa mavi kutoka kichwani.

Hakuna anayejua la kufanya katika hali hiyo. Hatukufundishwa. Aligeuza uso haraka, akaangalia mlango wa kabati. Mimi nikaangalia dirisha. Tukasimama hivyo. Binti yangu ndiye angepaswa kusema kwa niaba ya kila mmoja, lakini binti yangu alikuwa hana sauti. Nikaona kama tukingoja heshima itutoe humo ndani, mtoto atakufa tukiwa tumegeuziana visogo.

"Baba," nikamwambia, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. "Hii ni paipu ya choo."

"Najua, Mama."

"Unajua. Na mtoto umemlaza chini yake."

Akaongea na mlango wa kabati.

"Nilishaongea na fundi, Mama, hata kabla hujafika. Anasema lazima avunje ukuta, atoe paipu nzima, aipitishe pale sebuleni. Vile vitu vyote vipite hapo ulipokaa. Ningewezaje? Maro ameketi, mimi napitisha choo mbele yake? Nikasema ngoja kwanza Mama aende. Nilikuwa nafunga tu, siku mbili tatu, mpaka uende."

"Na mimi nilikuwa nangoja mtoto apone," nikasema, "ndiyo niende."

Kopo liliendelea kupokea matone: to, to, to. Yeye alikuwa ananingoja mimi, mimi nilikuwa namngoja mtoto, na mtoto alikuwa analala chini ya tepu iliyokuwa inatungojea sisi wote. Nikiikumbuka heshima ile mdomo unanichachuka mpaka leo. Tuliivaa mimi na yeye kama nguo ya kanisani, na chini yake funza wanatembea.

Nikamwambia kitu kimoja tu zaidi. "Mimi nimeshaiona yote. Haijabaki cha kunificha. Mlete fundi."

Aliziangalia zile tepu mbili kwapani mwake kama zimewekwa na mtu mwingine. Akaziweka juu ya kabati, akatoka karibu anakimbia, na viatu vyake vinavyong'aa vikakanyaga ile bluu.

Sasa nikabaki na shida ambayo Mama wa Juu, aliporudi sokoni, aliicheka mpaka akashika ukuta. Nilitakiwa kuoga. Bafu la mkwe haliwezekani. Nimevunja mwiko mmoja, sivunji yote siku moja. Na juu pia haiwezekani, kwa sababu bomba liko wazi, nikioga kule naoga juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe karibu na ua wa michongoma, kwenye jua la mchana la Kisumu, na kile kitu kikaanza kunikaukia. Nzi walikuja wa aina zote. Watu wa Migosi walipita, wakafika karibu, wakabadilisha njia. Nilikaa nimenyoosha shingo. Mama mmoja aliniuliza, akiwa mbali, kama nimepatwa na ajali. Nikamwambia nimetoka kumtembelea mkwe.

Fundi akaja na nyundo, na vumbi likaanza kutoka dirishani. Vile vipande vya bomba vilipitishwa sebuleni, katikati ya vitambaa vyote vile, vikatolewa nje na kuwekwa si mbali na jiwe langu. Nilivitazama vyote. Sikugeuza uso hata mara moja, ili yule kijana akichungulia aone kwamba macho ya maro hayakupasuka.

Baadaye kidogo akatoka yeye mwenyewe. Shati jeupe ameshalivua, amebaki na fulana, mikono michafu mpaka kiwikoni. Alikuwa amebeba mtungi wa maji na kipande cha sabuni. Akaja mpaka hatua kadhaa hivi kutoka kwangu, akavitua chini taratibu, akageuka bila kuniangalia, akarudi zake. Akarudi tena na shuka. Akaifunga kwenye michongoma na kwenye nguzo ya kuanikia nguo, ikawa ukuta. Tena akaifunga kwa kamba, kwa mafundo yanayoeleweka. Nikaoga nyuma ya shuka ile. Sikujua kama ni ile niliyoiona kitandani, na sikuuliza.

Mtoto alikaa na Mama wa Juu mpaka ukuta ukazibwa. Nilikaa mpaka kichwa kikakauka, kikatoa magamba, magamba yakatoka, na siku moja akalia asubuhi kwa hasira, kilio cha mtu anayetaka haki yake. Hapo nikafunga mzigo wangu. Nikashuka stendi, nikapita Katito, nikafika nyumbani. Mtama nusu ulikuwa umekwenda na ndege. Mke mwenzangu alipata habari, sijui kwa nani, akaenda kuwauliza wazee kama mtu aliyeingia chumba cha mkwe wake anatakiwa kufanyiwa nini. Wazee walitaka nieleze niliona nini humo ndani. Nikaanza kuwaeleza, kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka. Kabla sijafika kwenye wadudu wakasema inatosha, niende nyumbani. Mkwe alileta mbuzi, tukala kila mtu upande wake kama inavyotakiwa, na tangu hapo hatujaongea tena moja kwa moja. Tunaongea kupitia binti yangu. Tunasikilizana vizuri sana.

Yule mtoto sasa ni mama wa watu. Kichwani ana nywele zote, nyingi, anazisumbua kwa misuko ya kila namna. Ameolewa, anakaa nyumba nzuri hapo hapo Kisumu, vigae mpaka jikoni. Na kwa mjukuu hakuna miiko ile. Mume wake ananiita mke wake mkubwa, na mimi namuuliza ameniletea nini tangu anioe. Mlango wa chumba chao haunizuii. Nikifika, kabla sijapewa hata maji, naingia mpaka kwenye kona, nanusa ukuta. Wanacheka. Mimi nanusa.

Mara ya mwisho niliinama chini ya sinki yao ya jikoni. Kwenye maungio ya bomba kulikuwa na tepu nyeupe, imezungushwa vizuri, na chini yake bakuli. Nikamwita yule mume wangu mdogo, nikamwonyesha kwa fimbo.

"Hiyo ni ya leo tu, Dani," akasema, na kwetu dani ni nyanya. "Fundi anakuja kesho."

Nikamwambia ni sawa. Nikavua viatu, nikaweka mfuko wangu kitandani kwao, nikasema basi nitalala hapa mpaka huyo fundi nimwone kwa macho yangu.